Mwalimu anamtukana mwanangu darasani: nianzie wapi?

Swali: "Naishi Kayole, nauza mboga, na kijana wangu yuko Gredi ya 8 katika shule ya umma hapa karibu. Mwalimu wao wa hisabati ana mdomo mchafu. Wanafunzi anawaita ng'ombe, vichwa maji, takataka. Juzi alimwambia mwanangu mbele ya darasa zima, 'Hata mama yako na mafungu yake ya sukuma anakushinda hesabu.' Tangu hapo, kila Jumanne na Alhamisi asubuhi tumbo linamuuma. Baba yake anasema tuachane na hayo, sisi sote tulitukanwa na tukasoma. Mzazi mwenzangu naye ananishauri nimpe mtoto simu arekodi, tuiweke TikTok mwalimu aaibike. Naogopa nikienda shuleni atamwekea mtoto kinyongo. Nianzie wapi?"

Jibu:

Dada, pole sana. Na nianze na hilo la simu, maana ndilo linaloweza kuharibu kila kitu kesho asubuhi. Usimpe. Shule nyingi hapa Nairobi haziruhusu mwanafunzi kubeba simu. Akikamatwa nayo, kesi itageuka: hakuna atakayeuliza mwalimu alisema nini, watauliza mtoto ameingiaje na simu. Tena rekodi ya darasani itakuwa na sura na sauti za watoto wa wenzako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi. Mwalimu anaweza kuhamishiwa shule nyingine, lakini mwanao atabaki mtaani na video ambayo kila mtu ameona akiitwa ng'ombe.

Utakachohitaji ni daftari la kurasa arobaini na kalamu. Malalamiko kuhusu lugha hushinda au hushindwa kwa maneno yenyewe. Nimekaa miaka mingi katika idara ya ushauri nasaha shuleni, na nimeona wazazi wengi wakiingia ofisini wakisema "mwalimu huyu anatukana watoto." Mwalimu anaitwa, anasema hapana, hajamtukana mtu, ni mkali tu kwa sababu anataka wapite. Mwalimu mkuu anawaomba wote wawili waelewane, mzazi anarudi nyumbani, na Jumanne ni yale yale. Ulichoniandikia wewe kina nguvu zaidi, kwa kuwa umenukuu sentensi nzima. Hiyo ya sukuma haiwezi kuitwa ukali wa kufundisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumsikiliza kijana vizuri. Usimuulize, "Leo amekutukana tena?" Swali kama hilo linamwonyesha jibu unalotaka, na mtoto wa miaka kumi na tatu atakupa ama ili akuridhishe, au atakataa ili mambo yaishe. Muulize mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mboga au mnaosha vyombo: Leo hisabati mlifanya nini? Wewe uliulizwa? Ukajibuje? Yeye akasemaje? Wenzako wakafanya nini? Akikuambia "alinitusi", mwombe akupe maneno kama yalivyotoka. Kama yalikuwa ya Kiingereza, andika Kiingereza hicho hicho. Kama yalikuwa Sheng, andika Sheng. Usiyalainishe, na usiyaongezee chumvi hata kidogo, kwa sababu chumvi moja ikigunduliwa, ukurasa wote unatupwa.

Ukurasa mmoja uwe hivi:

"Jumanne tarehe 10, kipindi cha tatu, hisabati. Aliitwa ubaoni kufanya swali la kujumlisha sehemu. Alijumlisha namba za chini badala ya kuzilinganisha kwanza. Mwalimu akasema: 'Hata mama yako na mafungu yake ya sukuma anakushinda hesabu.' Darasa likacheka. Akaambiwa arudi akae. Swali akapewa mwingine. Waliokuwa karibu: jirani yake wa dawati na msichana anayekaa mbele. Jioni hakugusa kazi ya nyumbani. Alhamisi asubuhi alisema tumbo linauma."

Hapo huna neno "mbaya" wala "mkatili" wala "amezidi." Huna haja nayo. Atakayesoma atafika huko mwenyewe. Angalia pia kwamba ukurasa huo umeonyesha jambo ambalo shule haiwezi kulipuuza: mtoto alikosea kitu kinachofundishika, na badala ya kufundishwa akachekwa. Kosa lake la sehemu bado liko pale pale.

Sasa nikwambie nini cha kuandika na nini cha kuacha, maana si kila ukali ni kosa. Mwalimu akisema "kazi hii ni mbovu, rudia yote", hiyo ni haki yake, hata kama sauti imepanda. Akisema "mnanichosha, nyamazeni", amechoka, ni binadamu. Mpaka ni pale anapoacha kazi na kuanza kumsema mtoto mwenyewe: akili yake, mwili wake, nguo zake, nyumba anayotoka, mzazi wake. Kumwita mtoto takataka kumevuka mpaka. Kumdhihaki kwa kazi ya mama yake kumevuka, na kwa maoni yangu kumevuka mbali zaidi ya hilo la ng'ombe, kwa sababu ng'ombe darasa zima limeitwa na kesho watasahau, lakini hili alichaguliwa yeye peke yake, likagusa mtu anayempenda kuliko wote.

Kuna maneno ambayo yakitokea usipite hatua za kuelewana kabisa. Maneno ya ngono kwa mwanafunzi, hata yakiletwa kama utani, hata kama ni kusifia umbo la msichana tu: siku hiyo hiyo nenda kwa mwalimu mkuu, na usiishie hapo, nenda TSC, yaani tume inayosajili na kuajiri walimu, na polisi pia. TSC ilitoa waraka nambari 3 mwaka 2010 unaomtaka mwalimu yeyote mwenye habari za namna hiyo kuripoti ndani ya saa 24, kwa hiyo shule haina ruhusa ya kukwambia "tutaliangalia muhula ujao." Maneno ya kabila, katika mji huu wetu ambamo dawati moja lina watoto wa makabila matatu, yapelekwe juu mara moja vilevile. Vitisho vya kumdhuru mtoto na dhihaka kuhusu ulemavu pia. Kesi yako haiko katika kundi hili, na hiyo inakupa nafasi ya kuanza taratibu.

Kuhusu baba yake. Namwelewa. Wengi wetu tulipita mikononi mwa walimu wenye viboko na matusi, na tumekuja kuona kwamba ndiyo gharama ya masomo. Lakini sheria aliyosomea yeye si hii ya mwanawe. Viboko viliondolewa shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili na adhabu za kinyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kwa njia yoyote, ya kimwili au ya kisaikolojia, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inataja unyanyasaji wa kisaikolojia waziwazi. Simwambii baba haya ili mkimbilie mahakamani. Sioni kesi yenu ikihitaji kufika huko. Namwambia ajue kwamba mkienda shuleni hamwendi kuomba fadhila. Na kama anaweza, aende nawe. Baba na mama wakiingia pamoja ofisini, mazungumzo hubadilika, hata kama baba hatasema neno.

Ukishakuwa na kurasa mbili au tatu, anza na mwalimu wa darasa. Mwombe akupangie muda wa kuonana na mwalimu wa hisabati baada ya masomo. Usimvamie getini asubuhi, usimsimamishe katikati ya kipindi, na usianzie kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Grupu lina wazazi mia na kila mmoja ana hasira zake za karo, za chakula, za sare. Ujumbe wako utafika kwa mwalimu kabla yako, ukiwa umevimba, naye atakuja kikaoni akiwa amejiandaa kupigana.

Mbele yake sema machache. "Mwalimu, nashukuru kwa muda wako. Mwanangu ana shida na sehemu na najua anahitaji msaada wako. Tarehe 10 ulimwambia hivi." Halafu msomee. Kisha: "Maneno haya yamemfanya aogope somo lako. Naomba yasirudiwe, na naomba tupange namna ya kumsaidia." Nyamaza hapo, mwache yeye ajibu. Jibu utakalopata mara nyingi ni, "Mama, nilikuwa natania, hata wao wanajua." Usibishane kama ulikuwa utani au la. Mwambie, "Yeye hakuuchukua kama utani, na tumbo linamuuma kila siku ya kipindi chako. Naomba utani huo ukome." Akiomba radhi, pokea, wala usimwombe aombe radhi mara ya pili. Akikasirika, aga kwa heshima uondoke. Nyumbani andika tarehe ya kikao na alichosema.

Nataka pia ujue huyo mtu anafanya kazi katika hali gani, kwa sababu itakusaidia kuzungumza naye. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, ilianza 2023 kwa haraka, ndani ya shule za msingi, na walimu wengi waliletwa kama wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mtu amesomea digrii, analipa nyumba Nairobi kwa pesa hizo, anaingia darasa lililofurika na masomo ambayo mengine hakusomea kufundisha. Ukimwambia unajua kazi yake ni ngumu, sema kwa moyo, kwa sababu ni kweli. Lakini usikubali ugumu huo uwe jibu. Wewe pia unaamka alfajiri kwenda kuchukua mboga, na mteja akikuchosha humtukani mtoto wake. Na mwanagenzi au aliyeajiriwa kwa kudumu, wote wamesajiliwa na TSC, na Kanuni za Maadili ya Walimu za 2015 zinawahusu wote. Hata mwalimu wa akademia ya kibinafsi haruhusiwi kufundisha bila kusajiliwa na TSC, kwa hiyo mzazi mwenye mtoto shule ya kibinafsi asiambiwe kwamba hana pa kwenda.

Mara nyingi jambo huishia kwenye kikao hicho. Lisipoisha, andika barua kwa mwalimu mkuu. Gredi ya 7 hadi 9 ziko chini yake pamoja na shule ya msingi. Andika kwa Kiswahili kama ndicho unachokiandika vizuri. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi, hivyo hakuna ofisi ya umma inayoweza kukurudishia barua kwa sababu hiyo. Iwe ukurasa mmoja:

"KUH: LUGHA INAYOTUMIWA DARASANI, GREDI YA 8. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa hilo. Tarehe 10, kipindi cha hisabati, mwalimu alimwambia mwanangu mbele ya wenzake: (maneno yenyewe). Tarehe 17 aliliambia darasa: (maneno yenyewe). Nilizungumza na mwalimu tarehe 19, lakini maneno yameendelea. Naomba lugha hiyo ikomeshwe, mwanangu asiadhibiwe wala kubaguliwa kwa sababu ya barua hii, na nijibiwe kwa maandishi katika muda wa siku kumi na nne."

Toa nakala mbili. Moja iachie ofisi, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ofisi ikisema muhuri umefungiwa, mwombe aliyepokea aandike jina, tarehe na sahihi. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayokufungulia milango yote inayofuata. Bila hiyo utachezwa danadana.

Usiandike kwamba unataka mwalimu afukuzwe. Hilo si lako kuamua, na likisomwa, walimu wenzake wote watasimama upande wake hata wale ambao kimoyomoyo wanakuunga mkono. Wewe omba maneno yakome.

Sasa hofu yako kubwa, ya mtoto kuwekewa kinyongo. Ni hofu ya haki na sitakudanganya kwamba haitokei. Kinga bora ninayoijua ni kutokuwa peke yako. Darasa zima limeitwa ng'ombe, kwa hiyo kuna mama na baba wengine ambao watoto wao wamerudi nyumbani wakiwa hivyo hivyo. Tafuta wawili au watatu unaowaamini, uonane nao ana kwa ana, kila mmoja aandike ya mtoto wake mwenyewe, na barua iende na sahihi zote. Barua ya wazazi wanne haina mtoto mmoja wa kulengwa. Mwakilishi wa darasa lenu kwenye chama cha wazazi anaweza kuibeba.

Halafu weka kando madaftari na mitihani ya mwanao ya kabla ya barua. Kama alikuwa anapata alama za wastani na ghafla kazi zake hazisahihishwi, au anatolewa nje kila kipindi, au ameanza kuitwa "mtoto wa mshtaki", utakuwa na cha kulinganisha. Kila tukio la namna hiyo liandike kama ulivyoandika yale ya kwanza na ulipeleke kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Kulipiza kisasi kwa mtoto ni kosa jipya, na kwa jinsi ninavyoliona mimi, ni zito kuliko lile la kwanza.

Siku kumi na nne zikipita kimya, au ukajibiwa kijuujuu tu, nenda ofisi ya TSC ya kaunti ndogo yenu, ukiwa na nakala yenye muhuri na kurasa zako. Kupitia ofisi hiyo malalamiko yako yanaweza kuchunguzwa. Mwalimu ataandikiwa ajieleze. Ikionekana kuna kesi, anaweza kusimamishwa kazi wakati inaendelea, na atasikilizwa, jambo ambalo ni haki yake chini ya kifungu cha 47 cha Katiba. Matokeo huanzia onyo la maandishi na yanaweza kufika kufutwa kwenye sajili ya walimu. Kwa matusi ya namna hii tarajia zaidi onyo, na tarajia kusubiri. Ofisi ikikalia barua yako, Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaiita Ombudsman, hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma zisizojibu wananchi, na hailipishi.

Katika hatua hizi zote, usimpeleke mtoto mbele ya mwalimu ili "aseme mbele yake." Shule nyingine hupenda hilo, mtoto asimame katikati ya watu wazima watano arudie tusi alilotukanwa. Kataa kwa upole. Kama wanahitaji kumsikia, asikilizwe na mwalimu wa ushauri nasaha, wewe ukiwepo, na mwalimu mhusika asiwepo.

Kijana mwenyewe anahitaji kusikia kutoka kwako, leo, kabla hujaandika barua yoyote, kwamba alichoambiwa kilikuwa kibaya na kwamba yeye hakukosea kukuambia. Mwambie pia kuhusu sukuma. Wavulana wa umri huo hubeba aibu kimyakimya, na inawezekana sasa anapita njia nyingine akitoka shule ili wenzake wasimwone kibandani kwako. Mweleze kwamba mafungu hayo ndiyo yanayolipa sare na vitabu, na mwonyeshe hesabu unazofanya kichwani kila siku: bei ya gunia, fungu moja shilingi ngapi, faida iko wapi. Kama kuna mwanafunzi wa sekondari hapo plotini, mwombe akae naye jioni mbili tatu kwa zile sehemu, kwa sababu akirudi ubaoni akijua swali, nusu ya woga itakuwa imeondoka. Na mpe namba 116, ya msaada kwa watoto, haina malipo, ili ajue kuna mtu mwingine wa kuzungumza naye siku ambayo hataki kukuhuzunisha.

Tumbo nalo usilichukulie kuwa ni ujanja wa kukwepa shule. Woga huuma tumboni kweli, lakini pia huenda ana kitu kingine kinachohitaji dawa. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe, na ukifika mwambie daktari siku zenyewe, Jumanne na Alhamisi, na kinachotokea siku hizo.